Mbwa Hapokei Visingizio

Ukianza kutembea asubuhi kwa mazoezi, wiki ya tatu ndiyo inayoua. Ya kwanza una hamasa, ya pili unaona aibu kuacha mapema, ya tatu kitanda kinaanza kukubembeleza kama mtu. Asubuhi ile manyunyu yalikuwa yanatoka upande wa ziwa, sare kumi na mbili za shule zinanisubiri kwenye meza ya cherehani, na goti la kushoto lilikuwa linauma, au pengine nilikuwa nalisikiliza mno. Gari la shule lilikwisha kuwachukua watoto. Nikajirusha kitandani "dakika tano tu". Ndipo nikasikia kucha zinakwaruza mlango wa nyuma. Zikanyamaza. Zikaanza tena.

Nikasema kwa sauti, "Leo mvua." Kucha. "Nina kazi." Kucha. Nikainuka nimekasirika, nikavaa mabuti ya mume wangu ya shambani, nikafungua mlango, na mbwa akanitazama kama mtu ambaye hakuwa na wasiwasi tangu mwanzo.

Huu ni mwaka wa nne. Asubuhi nilizokosa ni chache, na anayenifahamu tangu zamani anajua kwamba si kwa sababu nina msimamo. Wateja wanaokuja kupimwa gomesi, lile gauni letu la kitamaduni, huniuliza nakunywa nini, wakidhani kuna unga fulani ninaoficha. Nakunywa chai ya maziwa, sukari kijiko kimoja, zamani vilikuwa vitatu. Kilichobaki kina miguu minne na kinanuka vibaya kikilowa.

Anaitwa Waseme. Jina hilo ni la baba yangu. Alikuwa askari polisi, nasi tulikulia kambini Tororo, kwenye vile vibanda vya mabati vya mviringo vilivyobanana hata ukikaanga kitunguu mama wa kibanda cha sita anajua mna mboga gani. Maneno yalikuwa mengi. Baba hakujibu mtu. Aliokota mbwa, akamwita Waseme. Jioni akisimama mlangoni na kuita, "Waseme! Waseme weee!", kambi nzima ilipata salamu zake, na hakuna aliyeweza kwenda kwa afande kulalamika kwamba ametukanwa. Mbwa wetu wa sasa amelirithi jina. Ni wa kienyeji, rangi ya udongo mwekundu, sikio moja limesimama na la pili limelala.

Alirithi na lugha pia. Sisi watoto wa kambini tulitoka Acholi, Teso, West Nile na Bugisu, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha kwenye mpira wa matambara. Nilipoolewa Busoga nikakuta wengine wanakisikia vingine kabisa: lugha ya mwanajeshi anayegonga mlango usiku, lugha ya mwizi. Siwalaumu, wanayo waliyoyaona. Mwaka 2022, mwezi wa Julai, baraza la mawaziri lilipokubali kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, mama mkwe wangu alizima redio. Basi nyumbani watoto wanaongea Kisoga na jaja yao, Kiingereza na walimu, Kiswahili nami. Mbwa anajua Kiswahili peke yake. Mama mkwe akimfukuza kwa Kisoga, humtazama kwa adabu na kubaki pale pale.

Kilichonisukuma kuanza ni presha. Nilimpeleka kitinda mimba kliniki na homa, na tukisubiri majibu ya damu nesi akasema ngoja nikupime na wewe. Ikatoka 150 kwa 96. Nikarudi siku nyingine mbili, ikawa haijashuka chini ya 140 kwa 90, pale wanapoanza kuiita presha ya kupanda. Nilikuwa na kilo 91 na kazi ya kukaa. Fundi cherehani huonekana anahangaika, lakini ni mguu mmoja tu unaofanya kazi. Nilipewa vidonge na nikaambiwa nitembee. Hapa niseme jambo moja kwa ukali: usije ukaacha dawa kwa sababu umeanza kutembea na unajisikia mwepesi. Presha haina kelele. Mimi vidonge vyangu vilipunguzwa na daktari baada ya mwaka na zaidi, akiwa ameona vipimo, wala sikujipunguzia mwenyewe kwa kuwa nilijisikia nimebarikiwa Jumapili.

Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki, za mwendo ambao unapumua kwa nguvu lakini bado unaweza kuongea. Ni nusu saa, siku tano. Nilipoisikia hiyo nusu saa mara ya kwanza nilicheka, kwa kuwa siku ya kwanza nilifika nguzo ya tatu ya umeme nikaegemea. Basi nikaacha saa, nikahesabu nguzo. Wiki ya kwanza nguzo tatu kwenda na tatu kurudi. Ya pili nikaongeza mbili. Nguzo haikudanganyi, na huhitaji simu ya bei mbaya kuihesabu. Sasa tunatoka Walukuba, hapa Jinja, tunateremka mpaka Masese kwenye samaki, ambako Waseme ana mapenzi makubwa na mukene (dagaa) walioanikwa na wale kalooli, korongo wenye vichwa vya upara, wanamtazama kama mdeni wao, halafu tunapanda. Kupanda ndiyo dawa yenyewe.

Muda wangu ni baada ya gari la shule, saa kumi na mbili na dakika ishirini, kukiwa kumeanza kupambazuka. Kabla ya hapo bado ni giza, na sipendi mama atembee peke yake gizani hata akiwa na mbwa. Usinakili saa yangu. Tafuta kile kitu kinachotokea nyumbani kwako kila siku bila wewe kukipanga, kisha uyafunge mazoezi kwenye mkia wake. Anayepanga kutembea "nikipata nafasi" hapati.

Mama mmoja kanisani aliniambia, "Sisi tunalima, tunateka maji, mazoezi ni ya watu wa maofisini." Ana haki nusu. Mwenye kulima tangu alfajiri mpaka saa sita simwambii aende kukimbia, namwambia apumzike. Lakini wengi wetu hapa mjini tunajihesabia kulima kwa bibi zetu. Jerikeni analeta kijana kwa baiskeli, kiosko kipo mlangoni, sokoni tunakwenda kwa boda, na shamba lenyewe ni mstari mmoja wa sukuma ukutani. Jembe tumeliacha, sahani ya matooke tumeibakiza na ukubwa wake wa zamani.

Nguvu ya mikono naipata kwa jerikeni mbili za lita tano. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ukijaza una kilo tano kila mkono, na ukishindwa unamwaga kidogo bila aibu. Nainua nikiwa nasubiri maharagwe yachemke. Kijana wangu wa kwanza huniangalia akicheka, yeye ni wa pushapu. Alizianza Aprili 2020, wakati wa kufungiwa kwa ajili ya korona, Rais alipokataza watu kukimbia makundi makundi barabarani kisha akajionyesha kwenye video akifanya mazoezi ofisini na kupiga pushapu 30. Nchi nzima ilikuwa na la kusema, mbwa wa baba angepata kazi. Mtoto wangu aliona kitu kimoja tu: mzee wa miaka ile amepiga 30 na yeye amekwama kwenye nne. Shule zilikuwa zimefungwa, na zikabaki hivyo kwa wengi mpaka Januari 2022, kwa hiyo alikuwa na muda wa kutosha kumfikia.

Kuna jambo akina mama hatuliambiani. Nimezaa wanne, na nilipoanza kutembea kwa kasi nilikuwa nikikohoa au kuruka dimbwi, mkojo unaponyoka. Kwa miaka nilidhani ndiyo kodi ya uzazi. Mkunga mmoja aliniambia kaza pale chini kama unayezuia mkojo, hesabu mpaka tano, legeza, rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, na usishikilie pumzi. Unaweza kufanya umekaa ibadani na mchungaji asijue. Ilinichukua kama miezi mitatu. Ikiwa yako haipungui, nenda ukaonwe, inatibika.

Mwili ulipoanza kushuka yakaja maneno. Msomaji wa nje hataelewa uzito wake: hapa Uganda kukonda si habari njema moja kwa moja. Ule ugonjwa, UKIMWI, ulipoanza kuonekana kule Rakai, 1982, kabla watu hawajalijua jina lake la vitabuni, watu waliuita silimu, kwa sababu uliwamaliza watu wakiwa wembamba. Tumezika sana. Kwa hiyo mama akinenepa, mume wake anasifiwa. Akipungua, sauti zinashuka. Nilipofika kilo 78, shangazi wa mume wangu alimwita pembeni akamuuliza kama nyumbani kuna tatizo. Mteja wangu wa siku nyingi aliniletea maziwa. Nilitaka kukasirika, kisha nikakumbuka shangazi yule alizika watoto wawili. Nikamwonyesha karatasi yangu ya presha, tarehe kwa tarehe. Hata hivyo wengine niliwaacha na maswali yao, hiyo ndiyo faida ya kuwa na mbwa mwenye jina kama la wangu. Nikivuka barabara namwita kwa sauti.

Maombi nayo yalihamia barabarani. Mimi ni wa Kanisa la Uganda, la Kianglikana, bibi yangu alikuwa mlokole wa wale wa kuamka saa tisa usiku, na nimebeba hatia ya kutokuamka maisha yangu yote ya utu uzima. Nilikuwa napiga magoti pembeni mwa kitanda, naanza vizuri, nashtukia nimelala na shuka mdomoni. Sasa kila kipande cha njia kina mtu wake. Kutoka getini mpaka kwa fundi baiskeli ni watoto, kwa majina, na yale ninayoyajua na yale wanayoyaficha. Kipande cha mteremko ni mume wangu. Kando ya ziwa ni wagonjwa. Kupanda siombi, napumua tu, na naamini inahesabiwa. Mchungaji wetu anapenda sana ule mstari wa mwili kuwa hekalu, nami nimeusikia ukikataza pombe na sigara miaka yote hii. Bado nangoja usikike siku moja kwenye karamu ya harusi, mtu akiifikia sambusa ya tano.

Sasa kuhusu mbwa mwenyewe, kwa sababu nikisema "pata mbwa" bila kusema haya nitakuwa nimekudanganya.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kwanza, kabla ya kamba, kabla ya jina. Kwa kawaida mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha anarudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Mimi nimeiweka tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ili nisisahau, na karatasi yake nimeiweka bahasha moja na kadi za chanjo za watoto. Mume wangu alicheka. Hakucheka siku mbwa wa mitaani alipomng'ata mtoto wa jirani mguuni. Watu walikuja na mawazo: pilipili, mafuta ya taa, kukata unywele wa mbwa na kuuchoma. Tulimweka mtoto chini ya bomba, sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa, analia na sisi tunalia, kisha moja kwa moja kwenye sindano, na mama yake akamrudisha kwa kila sindano iliyoandikwa. Ugonjwa huo dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kidonda kidogo si hoja, na "mbwa huyu namjua" si hoja.

Chakula chake ni posho (ugali) na mukene, na mifupa ya ng'ombe ya kuguguna. Mifupa ya kuku iliyopikwa simpi, inavunjika vipande vyenye ncha. Mchuzi wenye kitunguu pia hapana, kitunguu ni sumu kwa mbwa, jambo ambalo sikulijua mpaka nilipokuwa nimekwisha kumpa mara nyingi. Dawa ya minyoo, kupe kila jioni ya Jumamosi tukiwa tunasubiri zamu ya kuoga, na tulimhasi alipokomaa. Hilo la mwisho wanaume wa mtaa walilichukua kama wamehasiwa wao.

Ndani halali. Najua kuna watu wanalala na mbwa, na kwenye simu watoto wananionyesha mbwa wa Ulaya amevaa sweta. Mimi ni mtoto wa kambi. Mbwa ana kibanda chake, kikavu, chenye gunia safi, na ana kazi. Lakini nakataa pia ule utamaduni wetu wa mbwa kufungwa mnyororo mchana kutwa kwenye jua, anapigwa teke na kila apitaye, halafu tunashangaa ameng'ata. Mtoto anayejifunza kumpiga teke kiumbe kisichoweza kumsema, nina wasiwasi naye akiwa na mke. Hili si la Wazungu. Baba yangu hakuwahi kufika Uingereza, na mbwa wake alikula kabla yeye hajavua kofia.

Jirani yetu wa mkono wa kushoto ni Hajati. Kwake mate ya mbwa ni najisi, chombo kilichorambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Siku Waseme alipopita uani kwake na kuilamba beseni, nilikwenda mwenyewe kabla hajaja. Nilipeleka beseni jipya, nikamwomba radhi, nikauliza anataka nifanye nini. Akaniambia mambo mawili tu: mbwa asifike uani pake, na siku ya Ijumaa watoto wake wakienda msikitini wamevaa kanzu, asiwarukie. Tukaweka senyenge chini ya ua, na Ijumaa saa sita anafungwa upande wa nyuma. Wezi walipoingia mtaani mwaka juzi, Waseme alibweka nyumba yake na yangu zikaamka pamoja. Tangu hapo Hajati hutuletea mifupa siku ya Idi, ameishika kwa kavera, mfuko wa plastiki, anairusha kutoka mbali huku akicheka. Ukiwa na mbwa kati ya Waislamu, senyenge itafanya kazi kuliko mjadala wa dini.

Paka sina la kusema sana. Alikuja mwenyewe kwa sababu ya panya kwenye mahindi, akabaki.

Kuku ndio walionishinda. Tulikuwa na sheria ndogo nyumbani: mnyama mwenye jina haliwi. Niliitunga ili kumfariji binti yangu alipolia kwa ajili ya sungura. Krismasi iliyofuata nikatoka na kisu nikakuta kitinda mimba, miaka sita, amekaa mlangoni mwa banda. Amewapa majina wote wanane. Jogoo alikuwa Askofu. Mume wangu akasema sheria ni sheria, mama yao ndiye aliyeitunga, na akaenda kununua kuku wa watu wengine. Mama mkwe alitutazama bila kusema neno. Yeye kuku hajawahi kumla maisha yake, kwa kuwa alilelewa wakati kuku na mayai havikuliwa na wanawake. Alimpika, akampakua kwa wanaume, akalamba vidole kwa siri au hakulamba. Binti zangu wanakula paja na mayai kila wiki, na sijamwomba mtu ruhusa. Mama mjamzito asiyekula yai ili heshima ya mume isipungue, hiyo ni mila niliyoizika bila mchungaji.

Ila si kila mila naipeleka makaburini. Kupiga magoti, kwa mfano. Kambini hatukupigiana magoti, tulisimama wima kama wazazi wetu kwenye gwaride. Nilipoolewa nilijifunza nikiwa na miaka 24, goti kwenye saruji, mbele ya wakwe, nikijisikia mpumbavu. Leo nampigia mama mkwe magoti bila kufikiri, na goti langu siku hizi linarudi juu bila kushika ukuta, faida nyingine ya Masese. Binti yangu wa miaka 13 aliniuliza kwa nini yeye anapiga magoti na kaka yake anasimama akisalimia kwa mkono mfukoni. Sikuwa na jibu, na mzazi asiye na jibu asimpige mtoto kwa kuuliza. Nilichoamua ni hiki: kwa jaja wanashuka wote, wa kike na wa kiume. Kijana alinung'unika, baba yake akanishangaza kwa kushuka wa kwanza. Kwa mwanamume wa mtaani anayetaka kupigiwa magoti kwa sababu tu ana suruali, binti yangu asalimie amesimama, na ajibiwe.

Suruali yenyewe ilikuwa kesi. Natembea na tracksuti, juu yake leso. Mwanzoni niliifunga leso ili nisisemwe, sasa naifunga kwa sababu inafuta jasho na nikifika Masese nabebea samaki. Wenye kutaka nguo fupi wavae. Mimi sioni kama mapigano hayo yanamsaidia mama mwenye presha kufika nguzo ya tatu.

Mwaka jana nikatembea mpaka Namugongo, kwenye hija ya Mashahidi wa Uganda. Miaka yote nilikuwa naenda kwa basi, Juni 3, tunashuka tumeiva kwa joto, tunasimama kwenye umati, tunarudi. Safari hii kikundi cha parokia kilitembea kutoka Jinja, karibu kilomita 70, siku tatu, nami nikajiandikisha kabla sijapata akili.

Atakayekwenda anisikilize. Viatu viwe vya zamani. Dada mmoja alinunua vipya kwa heshima ya mashahidi, na tulipofika Lugazi alikuwa anatembea na ndala za kukopa. Vaa soksi mbili, ya ndani nyembamba, na upake vaselini katikati ya vidole asubuhi na mchana. Lengelenge usilitoboe kwa mwiba wala pini ya nywele, lifunike, uendelee. Kunywa maji kidogo kidogo kabla ya kiu. Ndani ya msitu wa Mabira barabara ni moja na malori hayana dini, kwa hiyo tembea mkono wa kulia ukiyatazama yanayokuja, mstari mmoja, mwenye fulana ya kung'aa atangulie na mwingine afunge nyuma. Najjembe wauzaji watakuitia muchomo (nyama choma) na gonja (ndizi za kuchoma). Kula gonja, muchomo ngoja jioni, tumbo lisije likakuaibisha msituni.

Siku ya pili mchana, baada ya Lugazi, watu waliacha kuimba. Kijana wangu alikuwa pamoja nami. Nilikuwa nimewaambia watoto habari za wale mashahidi 45 tangu wadogo, 23 wetu wa Kianglikana na 22 Wakatoliki, waliouawa kati ya 1885 na 1887, na siku zote tumezisimulia kama hadithi ya zamani ya watu wazima. Akaniuliza Kizito, mdogo wao, alikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia inasemekana 14. Yeye alikuwa na 16. Alitembea kimya mpaka Mukono, kisha akachukua begi langu bila kuombwa. Sikusema kitu, ningeharibu.

Tulirudi kwa basi, miguu imefura kama mihogo. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa na watoto, na mbwa, kwa wiki nzima. Kesho yake saa kumi na mbili na dakika ishirini nikasikia kucha mlangoni. Nikajaribu kukanyaga chini nikashindwa. Kucha tena. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe uani, kwa Kiswahili, Kiswahili kibovu chenye lafudhi ya Kisoga, lakini Kiswahili: "Waseme. Kaa. Mama iko mgonjwa ya mguu."

Mbwa hakukaa. Nikasikia kamba inatolewa kwenye msumari, mlango wa geti, na ndala. Nikajivuta mpaka dirishani. Mama mkwe, miaka 71, gomesi imekunjwa mkono mmoja na kamba iko mkono wa pili, alikuwa anavutwa barabarani huku anaamuru, "Pole pole! Wewe, pole pole!" Yeye pia ana presha, hajawahi kukubali kutembea kwa ajili yake. Hajati alikuwa amesimama kwenye geti lake, mkono mdomoni.

Walifika nguzo ya tatu. Akaegemea.